Sungura wa Malkia wa Uru: kisa cha dagaa, wifi, na kadi niliyoisoma vibaya

## Kwanini nakiandika

Nakiandika kwa wenzangu mnaosomea watu taroti, zile kadi za picha za kutazamia, huku kwetu, hasa nyie mnaoanza, manake kosa nililofanya ni jepesi mno kulifanya, na kwa mtu aliyekulia hadithi za sungura na fisi ni jepesi zaidi. Mama mwenye kisa ameniruhusu. Majina sitaji, mwalo sitaji, idadi ya magunia na vitu vingine vidogo nimevibadilisha ila mtiririko ni ule ule. Mwenye kisa nitamwita Mama, kama ninavyomwita siku zote, na yule mwingine nitamwita wifi, kama Mama anavyomwita.

## Hali ilivyokuwa

Mama ni mfanyabiashara wa dagaa hapa Kigoma, umri umepita hamsini, kazi hiyo ameianza akiwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Alfajiri yuko mwaloni mitumbwi ikirudi, ananunua, anaanika, anafunga magunia, anasafirisha. Wifi yake, mdogo wa mumewe, anaishi Tabora. Kwa miaka kama saba Mama alikuwa anapakia magunia kwenye treni, wifi anayapokea kule, anauza, anatoa sehemu yake, hela inayobaki anairudisha kwa simu. Karatasi hakuna, mkataba hakuna, ni undugu tu, na kwa miaka yote saba undugu ulitosha.

Alafu ukaja mwaka 2024. Kwa wasio wa huku, ni kwamba Ziwa Tanganyika upande wetu lilifungwa kuvua kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka ule ili samaki wapate kuzaliana, miezi mitatu mizima, na tangazo lilikuwa limeshatoka kwa hiyo kila mwenye mtaji alijua kwamba dagaa atakayekuwa stoo mwezi wa sita na wa saba ataitwa dhahabu. Wiki za mwanzo za Mei zikaangukia giza la mwezi, na wavuvi wa dagaa wanalijua giza, taa ikiwashwa ziwani dagaa wanaifuata, mbalamwezi ikishawaka hawana habari na taa yako. Basi watu walinunua kama wamechanganyikiwa. Mama naye akanunua, akatoa na akiba ya ada ya mtoto, akaanika haraka haraka katikati ya manyunyu ya mwisho ya masika, akafunga magunia 14 na kuyatuma Tabora siku chache kabla ya ziwa kufungwa. Hilo la manyunyu likumbuke, tutalirudia.

Mpaka mwisho wa Juni kilichorudi ni hela ya magunia matano. Baada ya hapo zikaanza kuja elfu thelathini, elfu arobaini, zinakuja leo alafu kimya wiki nzima. Mama akiuliza anaambiwa "soko gumu wifi, vumilia". Soko gumu wakati ziwa limefungwa! Ndiyo sentensi iliyomleta kwangu.

Na mimi ni nani. Nasoma taroti mwaka wa sita huu, nimejifunza kwenye simu, kadi nilinunuliwa na ndugu aliyekuwa safarini. Natumia zile picha zilizochorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, zilizotoka London mwaka 1909, kadi 78, ndizo wengi wetu tulizoanzia. Wenyeji wanaziita karata tu, na nimeacha kuwarekebisha, manake kwa kweli wako sahihi kuliko wanavyojua. Taroti ilianza Italia ya kaskazini karne ya 15 kama mchezo wa karata kabisa, kutazamia kukaja baadaye sana. Na majina ya mafungu yake tunayo mdomoni tangu wakati wa Wareno. Kopa za karata zetu za barazani ni neno la Kireno la vikombe. Pau ni fimbo. Shupaza ni panga. Uru ni dhahabu, zile sarafu. Yaani mafungu manne ya taroti, fimbo, vikombe, panga na sarafu, mzee wa Ujiji anayecheza karata chini ya mwembe anayataja kila siku bila kujua. Ndiyo maana mimi sisemi Malkia wa Sarafu, nasema Malkia wa Uru, linakaa vizuri kinywani na mtu anajisikia yuko nyumbani.

## Siku aliyokuja

Ilikuwa Jumamosi baada ya alasiri, tumekaa kibarazani kwangu Mwanga. Nikamwamkia, shikamoo mama, marahaba mwanangu, nikamletea maji akanywa yote kwa mkupuo. Hakuzunguka. "Mwanangu nataka unitolee karata ya wifi yangu. Nataka kujua ananila au haniibii."

Hapo ndipo pa kusimama na sikusimama. Wifi hayuko, hajaulizwa, hajui kama kuna mtu Kigoma anamtolea kadi. Kawaida yangu hata wakati ule ilikuwa kumwambia mtu "tutoe yako wewe, ya huyo tuiache". Ila Mama ni mtu ninayemheshimu, amenisaidia siku mbaya za kwangu, na alikuwa na uso wa mtu ambaye hajalala. Nikasema sawa. Akachanganya mwenyewe, akakata, nikafunua moja.

Malkia wa Uru, wima, yaani haikutoka imepinduka kichwa chini.

Kama huijui kadi hii: mwanamke amekaa kwenye kiti cha enzi nje, katikati ya majani, maua mekundu yametanda juu yake kama kichanja. Kiti kimechongwa matunda, na pale anapowekea mkono kuna kichwa cha mbuzi. Mapajani ameshika sarafu moja kubwa kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa anaitazama. Na chini kabisa, kwenye kona ya kulia, kuna sungura mdogo wa rangi ya udongo anaruka, kama ameingia kwenye picha kwa bahati tu.

Mama akaichukua kadi mkononi. Naiona mpaka leo ile picha. Kidole gumba chake, kucha imeingia magamba ya dagaa ambayo hayatoki hata kwa sabuni, kimekaa juu ya uso wa Malkia, kimeufunika wote. Kilichobaki wazi mbele ya macho yake ni ile kona ya chini. Akasema taratibu, "Sungura."

Alafu kwa sauti ya juu, "Si nilisema! Sungura huyo! Huyu ndiye aliyekunywa maji ya kisima asichokichimba."

Hadithi hiyo wote tunaijua. Ukame, wanyama wanachimba kisima, sungura anakataa kuchimba, usiku anakuja kunywa na kuyachafua maji, mpaka kobe anapopakwa ulimbo mgongoni anazama kisimani kimya, sungura anakanyaga akidhani jiwe, ananasa. Mama alikuwa ameiona biashara yake yote ndani ya hadithi ile kwa sekunde moja. Yeye kachimba, wifi anakunywa.

Na mimi nikaenda naye. Sikumwambia weka kidole pembeni tumwone Malkia. Sikusema kwamba sungura wa picha ile ana maana nyingine. Nilijua, nilishasoma, lakini hadithi ilikuwa tamu na ilikaa sawasawa na maneno yake, na mtu ukiona mteja anatikisa kichwa kwa kukubali unajisikia unasoma vizuri. Nikasema, "Kweli mama, kuna mtu mwerevu hapa karibu na hela." Alafu nikaongeza neno ambalo nikilikumbuka roho inaniuma: "Basi tafuta ulimbo."

Nilimaanisha fuatilia kwa utulivu, uliza hesabu, weka maandishi. Sikusema hivyo. Nilisema ulimbo.

## Yaliyofuata

Mama akatafuta ulimbo. Kuna kijana wa jirani anasoma Tabora, Mama akampigia amwendee wifi kama mteja asiyejulikana, aulize bei, achungulie stoo. Kijana akarudisha jibu: bei nzuri, iko juu, stoo imebaki magunia matatu tu pembeni. Kwa Mama hesabu ikaisha hapo. Kumi na nne kutoa matatu ni kumi na moja, hela iliyokuja ni ya matano, sita yameliwa.

Angempigia wifi peke yake labda tungekuwa tunaongea mengine leo. Alisubiri Jumapili, siku mama mkwe yuko pale nyumbani na mume yuko na shemeji wawili wamekuja kusalimia, akapiga simu akaweka sauti ya nje. Akasema yote. Neno mwizi akalitamka, mbele ya mama aliyemzaa yule mwanamke. Na akasema, nimesimuliwa na watu wawili tofauti, "hata karata zimekutaja". Wifi hakujibu kitu. Walisikia anapumua, alafu simu ikakatika.

Mama mkwe alisimama akaingia ndani, usiku ule hakula. Mume, ambaye ni mtu mpole, akamwambia mkewe kwamba dada yake anamjua tangu anatambaa na kwamba atapanda treni akaone mwenyewe. Akaondoka ile wiki.

Alichokikuta Tabora ni hiki. Wifi alitoa kaunta buku, limechakaa pembe, mistari imechorwa kwa rula. Magunia matano yaliuzwa taslimu, hela ilitumwa yote. Magunia sita yalitolewa mali kauli kwa wenye maduka na mama lishe ambao ni wateja wa miaka, jina kwa jina, kilo kwa kilo, na hapo ndipo hela iliponasa kwa sababu bei ilivyopanda na wao wateja wao walipungua wakawa wanalipa kwa kuchechemea. Zile elfu thelathini na arobaini zilizokuwa zinakwenda Kigoma, nyingine wala hazikutoka kwa wadaiwa. Wifi alikuwa anakopa kwenye kikoba chake ili angalau kitu kionekane kinakwenda.

Na yale matatu stoo. Mume akayafungua. Kuvu, kijani mpaka katikati. Wifi alikuwa ameyaona tangu mwisho wa Mei, yalifungwa hayajakauka, na hakuyatupa kwa sababu alitaka mwenye mali aje ayaone kwa macho yake asije akasema yameuzwa. Hakusema kwa simu kwa sababu kusema maana yake ilikuwa kumwambia wifi mkubwa, aliyempa mtaji miaka saba, kwamba kosa ni lake mwenyewe aliyeanika harakaharaka. Alikuwa anatafuta namna ya kulisema bila kumvunjia heshima, hakuipata, akaendelea kusema soko gumu.

Kwa hiyo uongo ulikuwepo, mdogo, wa aibu. Wizi haukuwepo.

## Maamuzi niliyofanya na sababu zake

Nimeshataja mawili, kukubali kumtolea kadi mtu asiyekuwepo, na kufuata hadithi ya mteja badala ya picha nzima. Sababu ya la kwanza ni heshima kwa Mama iliyochanganyika na huruma. Sababu ya la pili nikiwa mkweli ni kwamba nilifurahi kuona kadi ya kizungu inaongea Kiswahili. Miaka yote nahangaika kuwaeleza watu mambo ya Ulaya, mara hii mteja mwenyewe kaona kitu na kakielewa bila mimi kufundisha. Furaha hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo.

Mume aliporudi Mama alikuja kwangu akaniambia yote, analia, na hakunilaumu hata kidogo, jambo ambalo lilikuwa gumu kuliko angenilaumu. Nikamrudishia hela yake. Nikamwomba ruhusa nikazungumze na mumewe, nikaenda, nikamweleza kwamba maneno ya karata yalikuwa yangu, kwamba kadi ile haimsemi mtu mwizi, nikamwonyesha kadi yenyewe nikamsomea jinsi inavyosomwa. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Dada, mi hayo ya karata siyajui, ila umefanya vizuri kuja." Nikaona pia lazima niache kusomea watu kwa muda, nikaacha miezi miwili.

## Matokeo

Kufikia Desemba madeni ya magunia manne kati ya sita yalikuwa yamelipwa, mawili bado. Yale ya kuvu yalitupwa. Ada ya mtoto ilipatikana kwa kuuza cherehani. Mama anaendelea na dagaa, sasa anatuma kwa mtu mwingine, kwa maandishi, na anaanika kwenye vichanja mpaka wakauke kweli. Mama mkwe anaongea naye tena. Wifi hapana. Alimtumia kaka yake picha za kurasa zote za lile buku, ukurasa mmoja mmoja, na baada ya hapo biashara na Kigoma akaifunga.

## Uchambuzi: sungura yupi?

Sasa tuje kwenye kadi, manake hapa ndipo nimekaa muda mrefu zaidi.

Ukitaka kujua mnyama kwenye kadi ya ikulu, yaani mfalme, malkia, mpanda farasi na kijana, amewekwa pale kufanya nini, usimwangalie peke yake. Tandika kadi za ikulu zote 16 chini uone wanyama wamegawanywaje. Fimbo ni moto, na humo utakuta simba na salamanda, yule kama mjusi ambaye Ulaya ya zamani waliamini anaishi motoni asiungue, yuko kwenye nguo za kijana na mpanda farasi, na kwa Mfalme yuko mmoja chini sakafuni kabisa, na Malkia wa Fimbo ana simba kwenye kiti na paka mweusi miguuni. Vikombe ni maji, hapo ni samaki, Kijana ana samaki anachungulia kutoka kwenye kikombe kama anataka kumsemesha. Panga ni hewa, kuna vipepeo kwenye taji la Malkia na ndege angani. Uru ni ardhi, Mfalme amezungukwa na vichwa vya ng'ombe dume, Malkia ana mbuzi na sungura. Wanyama hawa ni kama alama ya ukoo. Kazi yao ya kwanza ni kukwambia huyu mtu ni wa ardhi, wa moto, wa maji. Ukisema sungura wa Uru ni laghai, itabidi uniambie ng'ombe na mbuzi waliokaa naye nyumba moja wanafanya nini hapo. Hawana cha kufanya. Ukisema ardhi, mazao, uzazi, riziki inayoongezeka polepole, wote watatu wanakaa kwenye sentensi moja.

Jambo la pili lilinishangaza nilipolitazama kwa makini. Sungura wa hadithi zetu na sungura wa kwenye ile kadi, wengi tunavyomsoma, hata si mnyama mmoja, ni Kiswahili tu kinachowaita jina moja. Wa kwetu ni yule wa porini, hachimbi shimo, analala kwenye majani peke yake, watoto wake wanazaliwa na manyoya na macho wazi, akishtuka anategemea mbio na kukata kona, na ndiyo maana hadithi zikampa akili za kuponyoka. Wa kule ni yule anayechimba mashimo na kuishi kundi, ambaye ndiye baba wa sungura tunaofuga kwenye mabanda, mimba yake haizidi sana siku 30 na anazaa wengi kwa mpigo mara kadhaa kwa mwaka, kwa hiyo watu wa kule wakimwona wanawaza kuzaliana na majira ya mimea kuchipua. Hofu ya Mama ilitoka kwa mnyama mmoja, picha ilichorwa kwa mwingine.

Na mchoraji, kama angetaka kuchora mnyama mjanja, alikuwa anamjua wa kwake. Pamela Colman Smith alikaa Jamaika sehemu ya utoto wake na London alijulikana kwa kusimulia hadithi za Anansi, yule buibui mjanja ambaye asili yake ni Afrika Magharibi. Yaani mwanamke huyu ujanja wa wanyama alikuwa nao kichwani kama sisi. Pale kwa Malkia wa Uru hakuweka ujanja, aliweka bustani. Waite naye akiielezea kadi hii sungura hamtaji kabisa, anazungumzia mwanamke mwenye ukubwa wa roho na akili ya kutulia, kwa kadi wima anataja utajiri, ukarimu, usalama, na kwa kadi iliyopinduka anataja shuku, hofu, kutoaminiana. Hilo la mwisho lisome tena. Kadi ilitoka wima. Shuku haikuwa kwenye kadi, ilikuwa kwenye kibaraza.

Jambo la tatu ni mahali mnyama alipokaa. Paka wa Malkia wa Fimbo yuko mbele katikati, anakutazama wewe, huwezi kumruka. Sungura yuko pembeni, anakimbia zake, Malkia hata hamwangalii. Macho ya Malkia yako kwenye sarafu. Mnyama ambaye mwenye kadi mwenyewe hamtazami hawezi kuwa ndiye habari kuu. Habari kuu ni mwanamke aliyeshika mali kwa mikono miwili, kichwa chini, hasemi. Sasa najiuliza ingekuwaje kama ningetoa kidole cha Mama pale nikamwambia tazama uso huu, unaona nini. Watu wameshaniuliza, kwa hiyo kadi ilisema kweli, wifi alikuwa ameshika mali kwa uangalifu? Sikubali kwenda huko. Nisingeweza kujua Tabora kuna nini, na kadi haikuona stoo ya mtu. Nachosema ni kwamba picha nzima ingetupeleka kwenye swali la kuuliza, "huyu anaogopa nini?", na kona ya picha ilitupeleka kwenye hukumu.

Je, maana za kwetu tuzitupe, tusome kama Waingereza wa 1909? Hapana, sikubaliani na wanaosema hivyo. Mtu wa huku akimwona paka mweusi wa Malkia wa Fimbo anawaza uchawi, hilo linamjia kabla hujafungua mdomo, na ukijifanya halipo litafanya kazi kimyakimya. Mwaka jana kijana mmoja anayefuga sungura alitolewa kadi hii, akamtazama yule mnyama muda mrefu alafu akasema, "Huyu katoka bandani, mwenyewe hajaona." Yeye aliona hasara na uzembe, na ni kweli, tulipoongea ikatoka kwamba anaacha kazi zake mikononi mwa wengine na hafuatilii. Mfugaji aliona banda wazi, Mama aliona kisima. Picha moja. Kwa hiyo anachokiona mteja kwa mnyama ni habari nzuri sana, tena labda ndiyo bora kuliko zote utakazopata siku hiyo, ila ni habari ya mteja. Ya Mama ilikuwa inasema: ninaogopa kuliwa jasho langu, nimetoa hela ya ada, sijalala. Nilipaswa kukaa hapo. Nilichukua habari ya aliyekuwepo nikaibandika kwa asiyekuwepo.

Siku hizi nafanya hivi, na sijaona bado pakinivunjikia. Mteja akitaja mnyama namuuliza kwanza huyo kwenu anasimuliwaje, anasimulia, namsikiliza mpaka mwisho. Alafu namuuliza kwenye hadithi hiyo wewe ni nani. Baada ya hapo ndipo namwambia kwenye hizi kadi mnyama huyu amewekwa kwa kazi gani, na tunaziweka maana mbili kando kwa kando, na siziunganishi mimi. Na kadi ya mtu ambaye hayupo sitoi kabisa, hata aombe mzazi wangu.

Kuna neno sijalitumia mpaka sasa na lazima nilitumie. Ramli chonganishi. Tanzania tunalijua neno hili kwa damu, Januari 2015 serikali ilipiga marufuku wapiga ramli kwa sababu ya mauaji ya watu wenye ualbino, na huku kwetu magharibi na kanda ya ziwa bibi vizee wamekatwa mapanga kwa sababu tu mtu aliambiwa "adui yako yuko karibu". Nilikuwa najiona niko mbali na hayo, nina kadi nzuri, nasoma mambo ya nafsi. Lakini nilimwambia mtu mwenye hofu kwamba kuna mwerevu karibu na hela yake, akatoka pale na jina. Tofauti yangu na yule mpiga ramli ni kwamba Mama ni mtu mwema na ulimbo wake ulikuwa simu.

Kilichofanya kazi kwenye kisa hiki ni kidogo na hakikutoka kwangu, ni mume kupanda treni na wifi kuandika. Kwa upande wangu la maana lilikuwa kwenda kwa mume na kusema mimi ndiye niliyesema. Lililobaki halijafanyika. Wifi sijawahi kumwona, na yeye ndiye aliyeumizwa kuliko wote, kwa kadi ambayo hakuitoa. Mwezi wa pili nilimwomba Mama aniulizie kupitia mumewe kama naweza kupewa namba yake nimwombe radhi mwenyewe. Mume alisema atamfikishia. Alimfikishia. Jibu lililokuja ni kwamba kwa sasa hapana, na kwamba akitaka atanitafuta.